Kijana acheze leo au timu ishinde leo? Habari ya Kuminga, mzaliwa wa Goma, na swali la mama mmoja wa Keshero

Mama mmoja muuza makala ya kupikia alifika kwenye uwanja wa basketi wa shule moja ya Keshero, Jumamosi, mechi ikiwa imekwisha. Vijana wa mtaa walikuwa wanashangilia. Walikuwa wameshinda kwa pointi sita. Mama huyo hakushangilia. Alimfuata kocha moja kwa moja, akamsalimu, kisha akasema neno lililomleta.

"Mwalimu, mimi sijui mambo ya basketi. Ninajua hesabu ya nyumba. Huyu mtoto wa dada yangu kila Jumamosi anaacha kazi ya kuponda mawe ili aje hapa. Anarudi nyumbani na jezi haina hata jasho. Nataka uniambie, atacheza lini?"

Kocha alimjibu kwa heshima: "Mama, avumilie kidogo. Wakati wake utafika."

"Wakati gani, Mwalimu? Sisi tangu Masisi tunaambiwa tuvumilie."

Kijana mwenyewe, mwenye miaka 16, alikuwa pembeni anafunga viatu na kujifanya hasikii. Familia yake ilitoka Masisi kwa sababu ya vita. Ilikaa katika kambi ya magharibi mwa mji, na kambi hizo zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, wengine walirudi kijijini, yeye akabaki Keshero kwa mama yake mdogo. Siku ya Jumamosi, kuponda mawe kunampa franka za kununua unga. Basketi haimpi kitu, isipokuwa hiyo nafasi anayoingojea.

Kocha, ambaye siku za kazi anafundisha hesabu, hakuwa na jibu. Alikuwa na sababu tu, tena sababu nzuri. Wachezaji wakubwa wa timu wana miaka 22 hadi 25, na ndio wanaoshinda. Timu ikishinda, wakaaji wanakuja kutazama na wenye maduka wanachangia maji na jezi. Timu ikishindwa mara tatu mfululizo, uwanja unabaki mtupu.

Mwezi uleule wa kumi, vijana wa timu hiyo walikuwa wanabishana kuhusu mchezaji mwingine aliyekaa benchi, mbali sana na Keshero. Alikuwa Jonathan Kuminga, wakati ule mchezaji wa Golden State Warriors, timu ya California katika ligi ya NBA. Mwisho wa mwezi wa tisa, baada ya mabishano ya miezi mitatu hivi, alikuwa ametia sahihi mkataba mpya wa miaka miwili wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 45, mwaka wa pili ukibaki mikononi mwa timu kuamua. Fedha ni nyingi mno. Lakini ukiziondoa kwenye hesabu, mabishano yake na timu yalikuwa swali lilelile la mama wa makala: atacheza lini?

Kuminga ni mtoto wa hapa. Alizaliwa Goma tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka 2002. Wazee wa mji hawahitaji kukumbushwa mwaka huo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza, Nyiragongo ilitapika, moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wengi wakakimbilia Gisenyi na Sake. Mtoto aliyezaliwa kabla mwaka huo haujaisha alikulia katika mji uliokuwa unajengwa upya juu ya mawe meusi. Mwaka 2016, akiwa na miaka 13, alikwenda Marekani kwa ajili ya basketi. Alipita katika shule tatu za sekondari, kisha hakwenda chuo kikuu. Alijiunga na Ignite, timu iliyoundwa chini ya NBA ili kuwatayarisha vijana huku wakilipwa.

Tarehe 29 mwezi wa saba mwaka 2021, katika drafti, yaani siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, Warriors walimchukua akiwa wa saba. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu Nyiragongo itapike tena, tarehe 22 mwezi wa tano. Goma ilikuwa bado inahesabu hasara, na jina la mji likasikika kwenye televisheni kwa habari nyingine kabisa.

Sasa, Warriors walikuwa timu gani? Walikuwa na Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green, watu waliokwisha kuchukua ubingwa mwaka 2015, 2017 na 2018. Kisha majeraha yakawapiga. Msimu wa 2019 hadi 2020 walishinda mechi 15 tu na kushindwa 50, wakawa wa mwisho katika ligi nzima. Sheria ya drafti inazipa timu dhaifu nafasi nzuri ya kuchagua vijana. Hivyo mwaka 2020 walimpata James Wiseman, wa pili kuchaguliwa, na mwaka uliofuata wakampata Kuminga kwa nafasi waliyoipata kutoka Minnesota, pamoja na Moses Moody, wa 14.

Viongozi wa timu wakaona wamepata bahati mbili kwa pamoja. Wazee wangeendelea kushinda sasa, vijana wangejifunza pembeni, na siku wazee wakichoka, vijana wangepokea. Ni kama baba anayelima shamba la mahindi huku akipanda miti ya avokado kandokando. Mahindi ni ya mwaka huu, avokado ni za watoto.

Mwaka wa kwanza mpango ulionekana kuwa wa akili sana. Kuminga, akiwa na miaka 19, alicheza mechi 70 za msimu, wastani wa pointi 9.3. Mwezi wa sita mwaka 2022 Warriors waliifunga Boston kwa mechi nne dhidi ya mbili, wakawa mabingwa. Mtoto wa Goma akawa na pete ya ubingwa. Lakini katika fainali hiyo aliingia kwa dakika chache sana. Alikuwa bingwa, na alikuwa benchi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Mechi ya NBA ina dakika 48, na kila timu ina watu watano uwanjani. Ukizidisha unapata dakika 240 za kugawa, haziongezeki hata sekunde. Kwa sheria za kimataifa, zile tunazochezea sisi, mechi ni dakika 40, yaani dakika 200. Kila dakika anayopewa kijana imetolewa kwa mtu mwingine. Kocha anaweza kumpa kila mchezaji maneno mazuri, jezi nzuri, hata mazoezi ya ziada. Dakika za mechi hawezi kuzizidisha.

Na dakika za mechi hazina kitu cha kuzibadili. Mazoezini kijana anajua nani atampa mpira na nani atamzuia. Katika mechi hajui. Anafanya kosa, anaona matokeo ya kosa, na baada ya dakika moja anapata nafasi ya kulirekebisha. Akitolewa kwa kosa la kwanza, anajifunza jambo moja tu: kuogopa. Kijana anayeogopa hatazami kikapu tena, anatazama benchi kuona kama kocha amesimama.

Tusimwonee Steve Kerr, kocha wa Warriors. Curry alizaliwa mwaka 1988. Kila msimu unaopita ni msimu mmoja umepungua katika maisha ya mchezaji ambaye hapatikani mara mbili. Ungekuwa wewe kocha, mechi imebaki dakika nne, ungemwambia Curry asubiri kidogo kijana ajifunze? Tena mchezo wa Kerr unataka pasi za haraka na watu wanaosoma uwanja. Nguvu ya Kuminga ni nyingine: anapenda kuchukua mpira na kupasua kwenda kikapuni. Aliposimama uwanjani pamoja na wenzake wawili au watatu ambao si hatari kwa kupiga kutoka mbali, wazuiaji walijazana chini ya kikapu na njia yake ikafungwa. Kocha alikuwa na sababu, kama yule wa Keshero.

Lakini miaka ikapita na vijana wakalipa. Wiseman aliumia goti, akapoteza msimu mzima. Aliporudi hakukuwa na nafasi ya kukosea, na mwezi wa pili mwaka 2023 alipelekwa Detroit. Mchezaji aliyechaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka wake aliichezea Warriors mechi 60 tu kwa jumla. Kuminga alibaki, leo anaanza mechi, kesho haingii. Mwezi wa kwanza mwaka 2024 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba amepoteza imani na kocha wake. Baada ya hapo dakika ziliongezeka, na msimu huo alimaliza na wastani wa pointi 16.1.

Ungedhani jambo limekwisha. Halikuisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 aliumia kifundo cha mguu, akakosa zaidi ya mechi 30. Akiwa bado anauguza, timu ilimleta Jimmy Butler, mchezaji mzoefu, kwa ajili ya kushinda sasa hivi. Kuminga aliporudi, nafasi ilikuwa imejaa. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida hakuingia hata dakika moja, na katika mechi za mtoano zilizofuata alikaa benchi mara kadhaa. Kisha mwezi wa tano, dhidi ya Minnesota, Curry aliumia paja. Ghafla yule aliyekuwa hatakiwi akatakiwa. Katika mechi ya tatu alifunga pointi 30. Warriors walishindwa mechi hiyo na wakatolewa kwa mechi nne dhidi ya moja.

Wapenzi wa Kuminga hapa Goma, wale wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kufuata mechi kwenye simu, walisema: mnaona? Angepewa nafasi mapema! Wapinzani wao wakajibu: pointi 30 na timu imeshindwa, kocha alikuwa sawa. Wote wana ushahidi, ndiyo maana ubishi hauishi. Hata hivyo kuna jambo ambalo pande zote mbili haziliangalii. Kwa miaka minne, nafasi ya kijana yule ilikuwa inaamuliwa usiku wa mechi. Na usiku wa mechi, ushindi una sauti kubwa kuliko hoja yoyote. Kesho ya kijana haina mtu wa kuipigia kelele uwanjani.

Linganisheni na Mkongomani mwingine, Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi. Naye alichaguliwa wa saba, miaka kumi kabla, mwaka 2011. Yeye aliangukia Charlotte, na msimu wake wa kwanza timu ile ilishinda mechi 7 na kushindwa 59. Hakuna timu katika historia ya NBA iliyomaliza msimu na kiwango kibaya zaidi cha ushindi. Kwa kuwa hapakuwa na ubingwa wa kulinda, Biyombo alicheza karibu mechi zote, zaidi ya dakika 20 kila mechi. Hakuwa nyota mkubwa wa kufunga, lakini alijenga kazi ndefu ya kuzuia na kudaka mipira, na miaka zaidi ya kumi baadaye timu zilikuwa bado zinamwita.

Je, basi timu ishindwe makusudi ili vijana wakue? Hapana. Kushindwa mara 59 nako kunafundisha tabia mbaya, na kijana anayezoea kushindwa huacha kukasirika. Kuminga alijifunza kwa Curry namna bingwa anavyofanya mazoezi, jambo ambalo Biyombo hakulipata Charlotte. Hata ndani ya Warriors kuna mfano wa katikati. Jordan Poole alichaguliwa wa 28 mwaka 2019, akaingia katika ule msimu mbaya wa ushindi 15. Alikosea sana, lakini alicheza. Mwaka 2022, timu ilipochukua ubingwa, alikuwa miongoni mwa wafungaji wake wakuu. Dakika za mwaka mbaya zililipa katika mwaka mzuri.

Mfano unaofaa zaidi kwa familia zilizohama uko karibu na sisi. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini, familia yake ikakimbilia Uganda, akakulia Kawempe, mjini Kampala. Alianza basketi akiwa na miaka 13 hivi, akachukuliwa na kituo cha NBA cha vijana kule Senegal. Sasa angalieni kilichofuata. Ligi ya Afrika ya basketi, BAL, iliyoanza Kigali mwezi wa tano mwaka 2021, iliweka mwaka 2022 mpango unaoitwa Elevate: kila timu inapokea kijana mmoja kutoka kituo hicho na kumweka katika orodha ya wachezaji wake. Kwa njia hiyo Maluach alicheza na Cobra Sport ya Sudan Kusini mwaka 2022, AS Douanes ya Senegal mwaka 2023, na City Oilers ya Uganda mwaka 2024. Mwaka huohuo wa 2024 alikuwa Paris katika Olimpiki na timu ya taifa lake. Mwezi wa sita mwaka 2025 alichaguliwa wa kumi katika drafti ya NBA, na sasa yuko Phoenix.

Mpango ule haukumpa Maluach ushindi, wala haukumhakikishia dakika. City Oilers hawakufika hata hatua ya mtoano mwaka ule. Ulimpa kitu kimoja: nafasi iliyoandikwa kabla ya mechi, wakati hakuna mtu mwenye hasira na hakuna ubao unaoonyesha pointi. Kocha hakuhitaji kuamua kila siku kama kijana awepo au asiwepo. Lilikuwa limeamuliwa.

Kocha wa Keshero alizungumza jambo hilo na wachezaji wake wakubwa, jioni, wamekaa juu ya mawe kando ya uwanja. Hawakufurahi. Mmoja alisema wazi: "Kocha, sisi nasi ni vijana. Hatuna Marekani ya kutungojea. Hizi Jumamosi ndizo tulizo nazo." Neno hilo lina haki yake. Mtu wa miaka 24 anayefanya kazi ya moto ya abiria wiki nzima naye ana miaka michache ya kucheza, kama Curry. Anayesema vijana wapewe nafasi lazima aseme pia ni nani anayeitoa.

Walikubaliana baada ya ubishi mrefu. Robo ya pili, dakika kumi, ni ya wenye miaka 17 kushuka chini. Wawili kati yao lazima wawe uwanjani muda wote wa robo hiyo, timu ikiwa mbele au nyuma. Hakuna kutolewa kwa sababu ya kosa. Robo nyingine tatu ni za anayecheza vizuri, bila kujali umri, na hapo kocha hapangiwi na mtu. Maneno hayo yaliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari na kubandikwa kwenye mlango wa chumba cha mipira. Dakika 20 za wachezaji kati ya 200. Ni sehemu moja ya kumi. Si nyingi, lakini haziombwi.

Jumamosi ya kwanza ya mpango huo, timu iliingia robo ya pili ikiwa mbele kwa pointi tano, ikatoka ikiwa nyuma kwa mbili. Kijana wa Masisi alipoteza mpira mara tatu. Mara ya nne aliushika kwa mikono miwili, akatazama kwanza, akampa mwenzake aliyekuwa peke yake upande wa kulia. Mechi iliisha kwa kushindwa pointi tatu. Watazamaji wengine walilalamika kwamba kocha amechezea ushindi, na mwenye duka mmoja alisema atafikiri tena kuhusu jezi. Hiyo ni gharama, na hakuna aliyesema haipo. Wakubwa wa timu nao wameomba karatasi itolewe mlangoni siku ya fainali ya mtaa. Kocha amewaambia kwamba kama ni kuibadilisha, itabadilishwa siku ya mazoezi mbele ya wote, watoto wakiwepo, si siku ya fainali.

Mama wa makala alikuwepo Jumamosi hiyo. Safari hii hakuja mwishoni. Alijua kwamba robo ya pili huanza kama saa tisa na nusu, basi alimwachia jirani meza yake ya makala kwa nusu saa, akaja, akasimama karibu na mstari na kanga yake mabegani. Dakika kumi zilipokwisha, alimwita kijana, akamfuta vumbi kwenye bega, akaona jezi imelowa.

"Haya," alimwambia, "kesho asubuhi utaponda mawe."

Kisha akarudi kwenye makala yake, mechi ikiwa bado nusu.